Mjonso, Sokwe na Daftari za Watafiti wa Kijapani katika Mwambao wa Tanganyika

Utafiti wa kitaaluma wa Wajapani katika mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, ulioanza mwaka 1961, kwa kawaida hutajwa Gungu, Ujiji na Kigoma mjini kuwa ni utafiti wa sokwe, na jina hilo, ingawa si la uongo, limeficha sehemu kubwa ya kazi yenyewe. Chuo Kikuu cha Kyoto, ambacho ndicho kilichotuma wengi wa watafiti hao, kilipeleka katika nyanda zile zile watu wa elimu ya wanyama, wa elimu ya mimea, wa kemia na wa anthropolojia, yaani elimu ya binadamu na mila zake, na mara nyingi mtu mmoja alishika elimu mbili au tatu kwa pamoja. Mada hii inatetea hoja kwamba nguvu ya utafiti huo ilitokana na kukutanishwa kwa maarifa ya Watongwe, wenyeji wa milima ya Mahale, na vipimo vya maabara, na kwamba kwa sababu hiyo matokeo yake ni deni kwa watu wa Kigoma, ambalo kwa sehemu kubwa halijalipwa kwa lugha wanayoisoma.

Mizizi ya kazi hiyo iko Japani kwenyewe. Kinji Imanishi (1902–1992) na mwanafunzi wake Junichiro Itani (1926–2001) walikuwa wamewafuatilia nyani wa Kijapani kwa kumpa kila mnyama jina lake na kuandika habari zake mwaka hadi mwaka, njia ambayo wakati huo wanasayansi wengi wa Ulaya waliiona haifai kwa kuwa ilikaribia mno kumfanya mnyama kuwa mtu. Ni kwa njia hiyo ilivyofahamika kwamba katika kisiwa cha Koshima nyani mmoja jike alianza mwaka 1953 kuosha viazi vitamu kabla ya kuvila, na wenzake wakamwiga hata jambo hilo likawa desturi ya kundi. Waliokuja Tanganyika walikuja na swali lililozaliwa hapo: ikiwa nyani wanaweza kuwa na desturi, sokwe, aliye karibu zaidi na binadamu, anaishi katika jamii ya namna gani?

Jibu halikupatikana upesi. Kambi ya kwanza ilijengwa Kabogo, kusini mwa Kigoma, kisha kazi ikahamia bonde la Kasakati na Filabanga, ambako sokwe walikuwa wachache, wenye woga na wenye kutembea eneo kubwa mno. Mwaka 1965 Toshisada Nishida (1941–2011) alifika Kasoge, chini ya milima ya Mahale, akapanda miwa ili kuwavuta sokwe karibu, na mwaka uliofuata wakaanza kuizoea kambi. Kutokana na uvumilivu huo Nishida aliweza kuonyesha, katika maandishi yake ya mwaka 1968, kwamba sokwe hawatangitangi ovyo kama ilivyodhaniwa, bali wana jamii zenye wanachama wanaojulikana na mipaka inayolindwa; baadaye ikafahamika pia kwamba madume hubaki walikozaliwa na majike huhamia jamii nyingine wanapopevuka. Jane Goodall alikuwa ameanza kazi yake ya kuwafuatilia sokwe huko Gombe, kaskazini mwa mji wa Kigoma, tangu Julai 1960, na kuwapo kwa vituo viwili katika mwambao mmoja kukawa ni bahati kubwa kwa elimu, kwa maana kila kimoja kilikuwa kipimo cha mwenzake. Sokwe wa Mahale wanaposafishana manyoya hushikana mikono na kuiinua juu ya vichwa, jambo ambalo wa Gombe hawakuonekana kulifanya. Wa Gombe huvua siafu kwa vijiti, ilhali wa Mahale huchokoa sisimizi wakaao ndani ya miti. Tofauti za aina hiyo zilikusanywa mwaka 1999 katika makala ya pamoja ya jarida la Nature, Nishida na Goodall wakiwa miongoni mwa waandishi wake, na zikathibitisha kwamba neno utamaduni haliwezi tena kuwekewa mpaka kwa binadamu peke yake.

Hata siasa haikukosekana. Katika kundi la K, mojawapo ya makundi ya sokwe wa Mahale, Nishida aliandika habari za madume watatu, Kasonta, Sobongo na Kamemanfu, ambamo huyo wa tatu, aliyekuwa mzee asiyeweza kuwashinda wenzake kwa nguvu, alihamisha uungaji mkono wake mara kwa huyu na mara kwa yule, kiasi kwamba kila aliyetaka ukubwa alilazimika kumbembeleza. Msomaji wa Kiswahili haoni ugeni katika majina hayo wala katika mwenendo wenyewe, na inasikitisha kwamba kisa kinachofundishwa katika vyuo vikuu vya mbali hakijulikani katika shule za mkoa kilikotokea.

Hata hivyo, mfano unaobeba hoja ya mada hii kwa ukamilifu ni ule wa mmea ambao Watongwe huuita mjonso, na ambao kwa jina la kisayansi ni Vernonia amygdalina. Mnamo Novemba 1987 Michael Huffman, mtafiti mzaliwa wa Marekani wa Chuo Kikuu cha Kyoto, alikuwa akimfuata sokwe jike aitwaye Chausiku pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyekuwa mfanyakazi wa utafiti wa Mahale na mjuzi wa dawa za miti shamba. Chausiku alionekana mgonjwa, mwenye kulala mchana na asiyejali chakula, kisha akauendea mjonso, akavunja matawi machanga, akaondoa maganda na majani, akatafuna moyo wa tawi, akameza maji yake machungu na kutema makapi. Ni Mohamedi aliyeeleza kwamba mmea huo si chakula bali ni dawa kali, na kwamba Watongwe huutumia kwa homa na maradhi ya tumbo. Siku iliyofuata Chausiku alikuwa amepata nafuu. Makala iliyotangaza jambo hilo mwaka 1989 ilibeba majina ya wote wawili, na hilo ni jambo la haki ambalo halikuwa la kawaida wakati huo, wala hata sasa halijawa la kawaida kiasi cha kutosha.

Baada ya hapo wanakemia wa Kyoto, wakiongozwa na Koichi Koshimizu na Hajime Ohigashi, walichunguza mjonso na kupata ndani yake viambato vichungu vyenye uwezo wa kudhuru vimelea, huku uchunguzi wa kinyesi cha sokwe ukihusisha matumizi yake na minyoo ya utumbo. Ikafahamika pia kwamba kuna majani mengine yenye manyoya ya kukwaruza ambayo sokwe huyakunja na kuyameza mazima bila kuyatafuna, nayo hutoka yakiwa mazima pamoja na minyoo. Kwa upande wa Watongwe, fikra kwamba mnyama hujitibu haikuwa ngeni hata kidogo, kwa kuwa katika ukoo wa Mohamedi ilisimuliwa kwamba babu yake aliijua dawa ya mmea uitwao mulengelele kwa kumtazama nungunungu mgonjwa aliyekula mizizi yake. Kwa hiyo njia ya mtafiti na njia ya mganga zilikuwa moja, yaani kutazama kwa muda mrefu na kukumbuka, na kilichoongezwa na Kyoto kilikuwa maabara.

Mwanaanthropolojia Makoto Kakeya, aliyeishi na Watongwe mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliingia ndani zaidi, hata akafundishwa kazi ya mfumo, neno ambalo kwa Kitongwe lina maana ya mganga. Alieleza jinsi vijiji vyao vidogo vilivyotawanyika vilivyolima kwa kiasi cha kutosha tu, na jinsi ukarimu kwa wageni, pamoja na hofu ya husuda na uchawi, vilivyozuia mtu mmoja kujilimbikizia mali kuliko wenzake. Muda mfupi baadaye operesheni ya vijiji iliwahamisha watu wa milimani, na mwaka 1985 eneo la kilomita za mraba 1,613 likatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale, baada ya wataalamu wa Kijapani kushirikiana na serikali katika maandalizi yake kuanzia 1975. Hifadhi hiyo ni jambo jema, lakini haifai kusahauliwa kwamba Kasoge ilikuwa makazi ya watu, na kwamba daftari za Kakeya ni miongoni mwa kumbukumbu chache za maisha yaliyokuwapo hapo.

Ziwa lenyewe nalo lilichunguzwa, hasa upande wa Uvira na baadaye Mpulungu. Michio Hori alionyesha mwaka 1993 kwamba samaki mla magamba, Perissodus microlepis, ana mdomo uliopinda kulia au kushoto, na kwamba aina iliyo chache hufaidika kwa kuwa samaki wanaowindwa hujihadhari zaidi na upande ule wanaoshambuliwa mara nyingi, hivyo idadi za aina mbili hizo hurudi daima kwenye karibu nusu kwa nusu.

Sehemu kubwa ya maandishi haya leo inasomeka bure katika intaneti, pamoja na majarida African Study Monographs, lililoanzishwa 1981, na Pan Africa News, lililoanzishwa 1994, kiasi kwamba kijana wa Gungu mwenye simu anaweza kuyafungua, ila atayakuta kwa Kiingereza, na mengine kwa Kijapani. Katika toleo la kwanza kabisa la jarida la kwanza, Nishida na Shigeo Uehara walichapisha orodha ya majina ya mimea kwa Kitongwe, wakaiita ya awali. Lugha hiyo inazidi kukipisha Kiswahili, na wazee waliozaliwa milimani, wanaoishi sasa katika vijiji kama Katumbi, Buhingu na Kalilani, wanapungua. Kazi inayopendekezwa mbele ya semina hii ni kuichukua orodha hiyo, kuisoma mbele yao jina baada ya jina, kusahihisha palipokosewa, kuandika kando ya kila jina matumizi yake kwa Kiswahili, na kuichapisha hapa Kigoma ikiwa na majina ya wote watakaokuwa wametoa maelezo, kama jina la Mohamedi Seifu Kalunde lilivyowekwa mwaka 1989.