Silikoni, Kinywe na Gharama ya Udogo



Tangu Sony ilipoingiza sokoni betri za lithi-ioni mwaka 1991, upande wake hasi, yaani anodi, umetawaliwa na kaboni, na kwa miaka mingi sasa hasa kinywe, madini tunayoyajua kutoka Mahenge, Tanzania. Mapema miaka ya 1980, Rachid Yazami, mzaliwa wa Morocco, alionyesha kwamba lithi huweza kuingia kati ya tabaka za kinywe na kutoka tena. Betri inapochajiwa, kinywe hutanuka kwa takriban asilimia 10 tu. Ila gramu yake moja haiwezi kuhifadhi zaidi ya miliampia-saa 372.

Silikoni ina uwezo wa karibu mara kumi ya huo. Tatizo ni kwamba ikishiba lithi huvimba hadi karibu mara nne ya ujazo wake, na ikiiachia husinyaa. Punje kubwa haihimili vuta nikuvute hiyo: hupasuka, na vipande vyake hutengana na bamba la shaba linalokusanya umeme.

Mwaka 2008, kundi la Yi Cui katika Chuo Kikuu cha Stanford liliotesha nyaya za silikoni nyembamba mno, zenye nafasi ya kuvimbia kati yao. Nazo hazikupasuka. Baadaye, kwa hadubini ya elektroni, ilionekana kuwa punje zenye kipenyo chini ya nanomita 150 hivi huvimba zikabaki nzima, kwa sababu nishati iliyomo katika mwili mdogo namna hiyo haitoshi kuendeleza ufa.

Wengi huishia hapo wakishangilia. Mimi naona kazi ndiyo kwanza inaanza. Ukisaga punje ya mikromita 10 ukapata punje za nanomita 100, jumla ya eneo la uso huongezeka mara 100. Kila mahali elektroliti, yaani kimiminika kinachopitisha ioni za lithi ndani ya betri, inapogusa uso huo, huvunjika na kuacha utando unaomeza lithi. Silikoni ikivimba, utando huchanika. Mwingine hujengeka, na lithi nyingine hupotea isirudi.

Ndiyo maana nauthamini zaidi muundo wa mwaka 2014 wa kundi hilohilo, uliopangwa mithili ya komamanga: punje ndogo nyingi, kila moja na nafasi yake ya kuvimbia, zote zimefungwa ndani ya ganda la kaboni. Elektroliti hugusa ganda la nje tu.

Viwandani, mara nyingi silikoni bado huchanganywa kwa kiasi kidogo ndani ya kinywe. Anayesema madini ya Mahenge yamepitwa na wakati ana haraka mno.

Wanafunzi wangu, msiniletee uwezo wa gramu pekee. Nileteeni pia kiasi cha lithi kilichopotea katika mzunguko wa kwanza wa kuchaji na kutumia betri, na uzito wa silikoni mliyopaka kwa kila sentimita ya mraba.