Kabla ya Kukata Chuma, Nyoosha Meza na Jiliwa



Vijana wenzangu, na wazazi mliofika, nimeombwa niseme machache kuhusu kazi ya mikono. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kisha niwaonyeshe namna ya kulikwepa.

Hapa Gachoka, kwenye barabara ya kutoka Embu kwenda Kiritiri, mashine ya kusaga ikisimama, watu wengi wanasumbuka. Mwenye mashine mmoja aliniletea shafti nimchongee mfereji wa kii, kile kipande cha chuma kinachoshika puli isizunguke peke yake. Nilikuwa na mashine yangu ndogo ya milingi, ile ya kukaa juu ya meza, na haraka zangu. Nikafunga jiliwa, au vaisi kama tulivyozoea kuliita, kwa kukadiria. Jicho likaniambia liko sawa. Nikakata.

Mfereji ulikuwa wa milimita 60. Jiliwa lilikuwa limekwenda upande nusu milimita kwa kila milimita 100. Hebu piga hesabu: mwisho wa mfereji ulikosea kwa milimita 0.3. Kii ikaingia nusu, ikakwama. Badala ya kukiri, nikaipiga tupa mpaka ikaingia. Siku ya nne puli ikaanza kucheza, shafti ikalika, mashine ikasimama siku mbili. Nilinunua shafti nyingine kwa pesa yangu. Lakini kilichoniuma zaidi si pesa, ni kuwaona akina mama wakirudi na mahindi yao yaleyale, na futari inakaribia.

Basi tushike kazi yenyewe. Kwanza chomoa waya wa umeme. Safisha meza na chini ya jiliwa kwa brashi na kitambaa, kisha pitisha jiwe laini la kunolea juu ya vikwaruzo vilivyoinuka. Chembe moja ya chuma ikibaki hapo chini, vipimo vyote vitakudanganya. Halafu shika meza uitikise. Ikicheza, kaza vipande vya pembeni vinavyoibana kwenye reli zake, lakini isiwe ngumu kuzungusha mkono.

Pili, hakikisha kichwa cha mashine kimesimama wima juu ya meza. Utahitaji geji ya saa, ile yenye uso wa duara na sindano. Alama yake moja ni milimita 0.01, ndogo kuliko unene wa unywele. Ifunge kwenye spindo kwa mkono mrefu kidogo, ncha iguse meza, uzungushe spindo polepole kwa mkono wako. Soma kushoto, soma kulia. Ukifika kwenye mifereji ya meza, inua ncha kwanza. Zikitofautiana, legeza nati kubwa inayoshika nguzo, gonga kidogo, pima tena. Kisha soma mbele na nyuma. Mashine nyingi ndogo hazina pa kurekebisha upande huo, kwa hivyo huwekwa kipande chembamba cha bati chini ya nguzo. Tofauti ikishuka hadi 0.02 hivi, kwa kazi zetu inatosha.

Tatu ndiyo jiliwa. Kaza bolti moja kiasi, ya pili iguse tu. Ncha ya geji iguse taya lile lisilosogea. Usipime lile linalosogea, kwa sababu ukilikaza huinuka na kuinama. Anzia upande wa bolti iliyokazwa, weka sindano kwenye sufuri, kisha zungusha mkono wa meza mpaka mwisho wa pili wa taya. Sindano ikihama, gonga jiliwa taratibu kwa nyundo ya plastiki mpaka irudi. Rudia kwenda na kurudi mpaka itulie. Sasa kaza bolti zote mbili, na baada ya kukaza upime tena. Wengi tunaharibu hapo, maana bolti ikikazwa huvuta jiliwa.

Mwisho, usiamini geji peke yake. Kata kipande cha majaribio, ukipime kwa skwea mbele ya mwanga. Mwanga ukipenya upande mmoja, rudi mwanzo.

Mtaniuliza, yote haya kwa mashine ndogo? Jirani zetu pale mto Tana kuna mitambo ya umeme: Kindaruma ilianza 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978. Shafti za mitambo ile ni nzito ajabu, na hakuna anayeizungusha kabla haijapimwa na kunyooshwa. Kama mkubwa anapima, sisi ni nani tusipime?

Kazi hii huchukua kama nusu saa. Mwezi wa saumu ifanye asubuhi, kabla saumu haijaulegeza mkono. Na kama umeshakosea, usipige tupa kuficha. Mwambie mteja, "Nimeharibu, nipe siku moja." Atakasirika leo, lakini kesho atarudi, kwa sababu chuma chake kwako ni amana.

Wabillahi tawfiq.