Jalada Lisilo na Jina



Nimeombwa niseme juu ya mitambo inayotia makaratasi katika kompyuta. Mwaka 1957, huko Marekani, Russell Kirsch alipitisha picha ya mwanawe mchanga katika skana ya kwanza ya kompyuta. Ikatoka nukta 176 kwa 176. Mwaka uliotangulia, IBM ilikuwa imetoa RAMAC: sahani 50 zilizobeba herufi milioni 5, na habari yoyote ikafikiwa moja kwa moja, bila kuzungusha mkanda mzima.

Lakini skana hupiga picha tu, haisomi. Programu za kusoma maandishi zipo, na gazeti la Kiongozi, lililochapwa hapa Tanga zama za Wajerumani, huenda zikalimudu. Barua ya liwali kwa hati za Kiarabu, au mwandiko wa mkono wa Kijerumani cha kale, hayo ni mambo mengine. Majalada ya Wajerumani yaliyomo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, yaliingizwa na UNESCO katika Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Sasa, mwenye shauri la mpaka wa shamba Muheza atalipataje jalada lake, ikiwa picha zimeitwa 0001, 0002, 0003? Lazima mtu akae aandike: mahali, mwaka, jina, namba ya masjala. Mimi namhesabu karani huyo kuwa fundi sawa na Kirsch.

Vijana mnaoipenda kazi hii, jifunzeni Kijerumani, na hati za Kiarabu mzifuate kwa masheikh wa vyuoni wangalipo.