Mwalimu Arudipo kutoka Mkutanoni

Kila askari aliyepita katika uwanja wa mafunzo anajua kwamba silaha mpya haikabidhiwi kuruta siku ile ile inapofika bohari. Kwanza huteuliwa wakufunzi wachache, nao hupelekwa kozi wakaifungue na kuifunga silaha hiyo mpaka waijue barabara. Kisha hurejea vikosini kuwafundisha wenzao, na hapo tu ndipo silaha hutolewa. Jeshi lisilofuata utaratibu huo huwa na silaha nyingi na nguvu kidogo. Leo tunataka kulitazama jambo hilo katika uwanja mwingine, nao ni uwanja wa darasa.

Tangu mwaka 2006, ulipofanyika mkutano wa kwanza mjini Addis Ababa, walimu, maofisa wa elimu na watengenezaji wa vifaa wamekuwa wakikusanyika karibu kila mwaka katika mji mmoja wa Afrika, ili washauriane juu ya matumizi ya teknolojia katika elimu. Mkutano huo huitwa eLearning Africa. Sisi hapa Uganda tuliupokea Kampala mwezi Mei mwaka 2014. Majirani zetu wa Rwanda wameupokea Kigali zaidi ya mara moja, na mwezi Mei mwaka 2025 ulifanyika Dar es Salaam. Mbali na mkutano huo mkubwa, ipo mikutano na semina nyingi ndogo za namna hiyo katika wilaya zetu na katika vyuo vya ualimu.

Basi twaweza kuuliza: mwalimu anayekwenda kwenye mkutano kama huo anakwenda kwa niaba ya nani, na anaporudi huwa amewaletea nini wale aliowaacha?

Ndugu msikilizaji, swali hilo si dogo, na sisi Waganda tunayo sababu ya kulijua kuliko wengine. Mwezi Machi mwaka 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, shule zetu zilifungwa. Hazikufunguliwa kwa ukamilifu mpaka tarehe 10 Januari mwaka 2022. UNESCO ilihesabu wiki 83 za kufungwa, ama kabisa ama kwa sehemu, na hakuna nchi nyingine duniani iliyofunga shule zake kwa muda mrefu kuliko huo. Katika wiki hizo masomo yalipita katika redio, katika televisheni, katika magazeti na katika karatasi zilizochapishwa. Mtoto ambaye nyumbani kwao palikuwa na umeme, simu nzuri na mzazi mwenye nafasi aliendelea kusoma. Mtoto ambaye nyumbani kwao hapakuwa na hayo alikaa. Wengine walikwenda kwenye biashara ndogo ndogo na machimbo, na wako wasichana walioolewa au kupata mimba na wasirudi tena darasani.

Watoto wa askari hawakuepuka balaa hilo. Majeshi yetu yalianza kulinda amani nchini Somalia mwezi Machi mwaka 2007, na katika miaka ile ya korona yalikuwa bado huko. Baba aliyekuwa lindoni Mogadishu aliweza kutuma fedha nyumbani kwa simu, lakini hakuweza kumkalisha mwanawe chini na kumweleza hesabu za kugawanya. Askari polisi aliyekuwa akisimamia amri za usalama barabarani mchana na usiku alirudi nyumbani mtoto amelala. Wakati ule ndipo tulipotambua kwamba teknolojia katika elimu si pambo la shule za matajiri. Ni akiba ya siku ya shida, na akiba haiwekwi siku shida inapogonga mlango.

Na tuwatazame majirani, maana mwenye hekima hujifunza kwa safari ya mwenziwe.

Rwanda ilianza mapema. Mwaka 2008 ilianza kupokea zile kompyuta ndogo zilizotengenezwa kwa ajili ya watoto chini ya mpango wa kumpa kila mtoto kompyuta yake. Baada ya miaka michache kompyuta zilizogawiwa zilikuwa zaidi ya 200,000. Kwa nchi iliyopoteza walimu wengi na shule nyingi katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, hilo lilikuwa jambo la ujasiri mkubwa. Lakini mwaka ule ule wa 2008 serikali yao iliamua pia kwamba lugha ya kufundishia iwe Kiingereza badala ya Kifaransa. Fikiria, ndugu msikilizaji, mzigo uliomwangukia mwalimu wa shule ya msingi kijijini: lugha mpya mdomoni na kifaa kipya mezani, vyote kwa pamoja. Haikuwa ajabu kwamba katika shule nyingi kompyuta zilitumika kwa nadra. Baadaye Rwanda ilielekeza nguvu zake kwenye darasa la pamoja lenye kompyuta na intaneti, linalotumiwa na shule nzima kwa zamu.

Kenya nayo iliahidi katika uchaguzi wa mwaka 2013 kwamba kila mtoto anayeingia darasa la kwanza atapata kompyuta. Zabuni ya kwanza ilifutwa mwaka 2014 baada ya malalamiko ya waliokuwa wakishindana. Wengi walihuzunika, lakini ucheleweshaji huo ulikuwa na faida yake, kwa kuwa kabla ya vifaa kufika shule nyingi za msingi zilikwisha kufikishiwa umeme na walimu maelfu walikwisha kuitwa mafunzoni. Mwaka 2016 vifaa vilianza kupelekwa, kwanza katika shule 150 za majaribio, halafu nchi nzima, hata vikapita milioni moja katika shule zaidi ya 20,000. Na hata hivyo, Kenya nayo ilifika mahali pa kuzungumzia maabara ya pamoja badala ya kifaa cha kila mtoto, kwa sababu kifaa huchakaa, betri hufa, na fedha za kununua kingine hazipatikani kila mwaka.

Tanzania ilichukua njia ya tatu. Vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya watu ya mwaka 2022 havikutupwa bohari baada ya kazi hiyo; viligawiwa kwa walimu. Hapo waliotangulizwa ni walimu, kabla ya wanafunzi.

Nchi hizi tatu zilipita njia mbalimbali, na mafundisho yake yanakutana mahali pamoja. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023, iliyohusu teknolojia katika elimu, ilitoa mfano wa mbali zaidi, wa nchi ya Peru. Huko ziligawiwa kompyuta zaidi ya milioni moja bila kuziunganisha na namna ya kufundisha, na elimu ya watoto haikuendelea mbele kwa ajili yake. Kifaa peke yake hakifundishi. Anayefundisha ni mwalimu, na kifaa humsaidia mwalimu anayejua alitakalo.

Hapa kwetu, mfuko wa maendeleo ya mawasiliano vijijini ulioanzishwa mwaka 2003 chini ya Tume ya Mawasiliano umejenga maabara za kompyuta katika shule za sekondari za serikali zaidi ya 1,000. Tangu mwaka 2012 somo la kompyuta limekuwa miongoni mwa masomo ya ziada katika kidato cha tano na cha sita. Hayo ni mafanikio, wala hatupaswi kuyadharau. Lakini kila anayetembelea shule zetu anajua pia kwamba ziko maabara ambazo mlango wake una kufuli kubwa na madirisha yake yana utando wa buibui. Ukiuliza, utaambiwa kwamba vitu ni vya thamani, vinaweza kuharibika. Ni kweli vinaweza kuharibika. Lakini kompyuta iliyofungiwa huharibika vilevile, tena bila kumfaa mtu.

Kwa hiyo mwalimu anayepelekwa mkutanoni aende kama askari wa upelelezi aendavyo mbele ya kikosi. Mpelelezi haendi kwa ajili ya macho yake mwenyewe. Huambiwa kabla ya kuondoka atafute nini, na akirudi hueleza alichokiona, si alichotamani kukiona.

Kabla ya safari, mwalimu huyo na akae na wenzake wa shule wamtajie shida moja au mbili zinazowasumbua kweli. Labda darasa lina watoto 100 na kitabu ni kimoja kwa watoto watano. Labda mwalimu wa fizikia hayupo. Labda watoto wa darasa la tatu hawajui kusoma sawasawa. Asiyejua shida yake huvutiwa na kila king'aacho.

Akiwa mkutanoni, atakuta kumbi mbili. Katika ukumbi mmoja walimu husimulia waliyoyajaribu. Katika ukumbi mwingine wafanyabiashara huonyesha bidhaa zao. Si vibaya kuingia kote, ila masikio yawe tofauti. Mfanyabiashara na aulizwe maswali manne ya wazi: Je, kifaa hiki kitafanya kazi siku umeme unapokatika? Kitafanya kazi mahali pasipo na intaneti? Kinasema lugha gani? Na kikiharibika, fundi yuko wapi na kipuri ni shilingi ngapi? Asiyeweza kujibu maswali hayo, bidhaa yake haijawa tayari kwa shule ya Karamoja wala ya Kisoro.

Siku hizi mikutano hiyo imejaa mazungumzo juu ya akili unde, yaani mashine inayoweza kuandika insha na kujibu maswali kama mtu. Mwalimu asiiogope, wala asiiamini upesi. Hapa ndugu zetu wa polisi wanaweza kuwa mfano mzuri. Mpelelezi wa jinai hapokei maelezo kwa sababu yamesemwa kwa ufasaha, huyathibitisha kwanza. Majibu ya mashine nayo yanataka kupimwa hivyo. Aidha, mwalimu akumbuke kwamba nchi yetu ina sheria ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa za watu. Majina, picha na alama za watoto si mali ya kumpa kila mwenye programu ya bure.

Akisharudi, kazi ndiyo kwanza inaanza. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mwalimu aliyerudi na mfuko wa kalamu na picha za hoteli amekula mali ya umma. Mwalimu aliyerudi na jambo moja tu, akawafundisha wenzake kumi jambo hilo, amelipa nauli yake. Mwalimu mkuu ampe saa moja kila wiki kwa muda wa mwezi mmoja, ampe na ufunguo wa maabara. Bila saa na bila ufunguo, maarifa yake yatakufa pamoja na kumbukumbu za safari.

Ndugu askari, ninyi nanyi mnalo fungu katika kazi hii. Ndani ya kambi zetu zimo shule, nao wazazi wa shule hizo ni ninyi wenyewe. Katika kambi nyingi kuna mitambo ya umeme, kuna mafundi wa mawasiliano, kuna vijana waliofundishwa kutengeneza redio na kompyuta. Fundi wa kikosi anayetoa jioni moja kwa mwezi kuwasha tena kompyuta zilizolala katika shule ya kambi anawatumikia watoto wa wenzake walio lindoni.

Liko na jambo la pili, nalo ni la lugha. Kiswahili kimewekwa kuwa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili kwa mtaala ulioanza mwaka 2020, na mwezi Julai mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali kiwe lugha rasmi. Lakini walimu wa somo hilo ni wachache. Nani katika nchi hii amekitumia Kiswahili kazini miaka mingi kuliko askari na polisi? Mwalimu aliyejifunza mkutanoni namna ya kurekodi masomo kwa simu anahitaji sauti zinazokisema Kiswahili bila kigugumizi. Sajini aliyestaafu, au koplo aliye kazini, anaweza kumsomea hadithi, mazungumzo ya sokoni, au maelekezo ya njia, na sauti hiyo ikasikika katika madarasa ambayo hayajapata mwalimu. Maneno ya kufokea gwaride yaachwe uwanjani. Darasani pataka sarufi iliyotulia. Kwa hiyo sauti iwe ya askari, na maandishi yawe ya mwalimu.

Basi kamanda wa kambi, au mzazi yeyote, akisikia kwamba mwalimu wa shule yao amerudi kutoka mkutanoni, asingoje kuitwa. Na aende wiki hiyo hiyo amwulize mambo matatu: umejifunza nini, umemfundisha nani, na unahitaji nini ili uanze? Mwalimu akijua kwamba ataulizwa, atasikiliza kwa makini zaidi huko aendako. Na watoto, ambao hawapati kuhudhuria mikutano hiyo hata mmoja, wataanza kuona faida yake.