Bweha Wanaodhaniwa ni Mmoja

(Maneno ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wajumbe wa kamati)



Mmezoea kunisikia nikizungumzia leja, hati za malipo na upungufu wa ghala. Leo niwieni radhi nizungumzie wanyama wa porini, ingawa habari yenyewe imetoka katika vitabu vya hesabu.

Katika chama kimoja cha wafugaji nilikuta malipo yaliyoandikwa "dawa ya bweha". Hati ilikuwapo, muhtasari wa kikao ulikuwapo, nami nikatia saini. Mwaka uliofuata malipo hayo yalikuwa maradufu, na watoto wa mbuzi walikuwa wangali wakipotea. Ndipo nilipoomba kuonyeshwa mizoga. Nikaonyeshwa mbwa wawili wa wanachama, tumbusi kadhaa, na wanyama wanne wadogo wenye masikio makubwa kuliko yapasavyo vichwa vyao. Mwizi mwenyewe hakuwamo.

Lugha yetu nayo ina sehemu ya lawama, kwani jina bweha twawapa wanyama wasiofanya kazi moja. Mwenye kesi ya kujibu ni bweha mgongo-mweusi. Dume na jike huishi pamoja miaka mingi, na baadhi ya watoto wao hubaki nyumbani kusaidia kulea wadogo zao. Hula panya, wadudu, mizoga na watoto wa swala; akikuta mtoto wa mbuzi asiye na mchungaji, hamwachi. Bweha miraba, mwenye ncha nyeupe ya mkia, hupenda vichaka, na hula sana matunda na panya. Wa tatu, wa rangi ya dhahabu, hukaa katika nyasi fupi kama zile za Serengeti; mwaka 2015 wataalamu walionyesha kwamba si wa jamii moja na bweha wa Asia anayefanana naye.

Wale wanne niliowaona walikuwa bweha masikio. Huyu hata uzito wake ni kilo 3 hadi 5 tu, na masikio yake hufikia sentimita 13. Usiku hutembea ameinamisha kichwa, akisikiliza wadudu walio chini ya ardhi. Chakula chake kikuu ni mchwa, hasa wale wakatao nyasi na kuzipeleka mashimoni, yaani nyasi zile zile tunazozitaka kwa ng'ombe wetu. Kisha mende wa mavi na mabuu yao. Mbwa ana meno 42, lakini bweha masikio ana 46 hadi 50, madogo, ya kutafunia wadudu. Kwa meno hayo angemfanya nini mbuzi?

Jambo lililonigusa zaidi ni malezi yake. Jike anyonyeshaye kwa chakula cha mchwa hana budi kutafuta usiku kucha. Basi dume hubaki mlangoni pa shimo akiwalinda watoto, akiwalaza na kuwasafisha manyoya. Ukimwua baba kwa sumu, shimo limebaki bila mlinzi.

Sisemi kwamba bweha hawana hatari. Kichaa cha mbwa huwapata wote, na katika miaka ya 1980 kiliwaua bweha masikio wengi huko Serengeti. Lakini nyama yenye sumu haizuii kichaa. Kinachozuia ni kuwachanja mbwa wetu, ambao ndio hasa huuleta ugonjwa huo kwa watu na kwa wanyama wa porini. Na nyama iliyotupwa mbugani haichagui mlaji.

Niliieleza kamati ya chama hicho hayo yote, nikakiri pia kwamba saini ya kwanza ilikuwa yangu. Mzee mmoja akaniuliza kwa nini sikuuliza mapema. Sikuwa na jibu. Kikao kikafuta kifungu cha sumu, na fedha zikanunua misumari na mabati ya banda la watoto wa mbuzi. Hati zake nimezikagua, zimekamilika.