Maduara Ukutani, Afya Darasani



Mtoto wa miaka minne anapoingia PP1 hawezi kusoma bango. Lakini akiona duara kubwa jekundu ukutani ataligusa, ataitaja rangi yake, na baada ya siku chache atalihesabu pamoja na mengine: imwe, ili, itatu. Ndiyo sababu walimu wengi hupenda maduara ya rangi katika madarasa ya chekechea, ambayo kwa Katiba ya 2010 yako chini ya serikali za kaunti.

Umbo hilo si geni Ukambani. Kyondo huanza kwa duara dogo la kitako, kisha husukwa kwa kuzunguka mpaka kikamilike. Vigoda vya wazee vilipambwa kwa nyaya nyembamba zilizopigwa kwenye kikalio kwa mistari ya mviringo. Fundi anayechora maduara darasani anaendeleza jambo ambalo mikono ya hapa inalijua.

Kazi yenyewe si ngumu. Plasta mpya iachwe ikauke kabisa, kwa kawaida wiki nne hivi. Ukuta ufutwe vumbi, upakwe rangi ya maji nyeupe au ya krimu mara mbili, kisha ukauke. Kuchora kwa uzi kuna hasara: uzi huvutika, na duara likatoka kama yai. Afadhali kipande chembamba cha ubao chenye matundu mawili, moja la msumari wa katikati na jingine la penseli. Matundu yakiachana sentimita 15, duara litakuwa na upana wa sentimita 30. Kwa maduara madogo, sahani au kifuniko cha sufuria kinatosha. Fundi hupaka ukingo kwanza kwa brashi ndogo, kisha hujaza katikati. Maduara yawe chini, mahali ambapo mkono wa mtoto unafika.

Hapo penye mkono wa mtoto ndipo penye jambo zito.

Maduara kumi ya upana huo, yakijumlishwa, hayafiki mita moja ya mraba. Rangi inayohitajika ni kidogo mno, na watu huona hasara kununua mkebe mpya. Basi hutafutwa mabaki: rangi ya mafuta iliyobaki kwenye geti, au mkebe usio na maandishi uliokaa stoo miaka mingi. Rangi za namna hiyo, hasa nyekundu, manjano na ya machungwa, zinaweza kuwa na madini ya risasi. Madini hayo yalitumika kuipa rangi mng'ao na kuifanya idumu. Kwa hiyo rangi zile zile zinazomvutia mtoto ndizo za kuangaliwa zaidi.

Risasi hudhuru ubongo unaokua. Hupunguza uwezo wa mtoto kujifunza na kutulia, na mara nyingi haionyeshi dalili mapema. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kenya imeonja uchungu huo: mwaka 2020 mahakama ya mazingira mjini Mombasa iliamua wakazi wa Owino Uhuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, baada ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuwasambazia sumu hiyo. Kule ilikuwa moshi na maji machafu. Darasani ni vumbi na magamba ya rangi yanayoingia kinywani kupitia vidole.

Kinga ipo. Kiwango cha Kenya hakiruhusu zaidi ya sehemu 90 za risasi katika kila sehemu milioni za rangi. Mnunuzi atafute mkebe uliofungwa, wenye jina la mtengenezaji na alama ya KEBS. Mkebe usio na maandishi usiingie darasani, hata ukitolewa bure.

Ukuta wenye rangi kuukuu inayobambuka usipigwe msasa mkavu. Watoto watolewe, turubai itandazwe chini, ukuta uloweshwe maji na kukwanguliwa taratibu. Magamba yakusanywe, yasichomwe. Sakafu ipigwe deki kwa maji ya sabuni, isifagiliwe kavu. Fundi avae barakoa, na nguo zake za kazi zifuliwe mbali na za watoto wake.

Mzazi anayeshuku kwamba mtoto amekula magamba ya rangi ampeleke kituo cha afya na kueleza hivyo waziwazi, kwa kuwa kipimo cha damu ndicho kinachoonyesha risasi.

Maduara yapakwe, na yapendeze. Ila kabla ya brashi kuguswa, mkebe usomwe kwanza.