Ruba: Ni Dawa au ni Hatari?

Leo tuongee juu ya ruba, yule mnyonya damu wa majini. Tumekuwa tukiulizana: ni kweli anatibu?

Anatibu, lakini si kila kitu. Zamani kule Ulaya alifanywa dawa ya magonjwa yote. Mwaka 1833 Ufaransa peke yake iliagiza ruba zaidi ya milioni 40! Wagonjwa wakapunguziwa damu waliyoihitaji.

Siku hizi ana kazi ya maana hospitalini. Mtu akikatika kidole, daktari akakishona tena, pengine damu huingia ikakosa njia ya kutoka. Kidole kinavimba, kinakuwa cheusi, mwisho kinakufa. Ruba huivuta ile damu, na mate yake huizuia isigande. Mwaka 1985, mjini Boston, Marekani, sikio la mtoto liliokolewa namna hiyo.

Lakini hao ni ruba wa kufugwa, na mgonjwa hupewa dawa za kuua viini, kwa kuwa tumbo la ruba lina viini vinavyoweza kuharibu kidonda.

Basi tusiokote ruba mtoni tukajiwekea eti ni dawa ya presha. Mwenye upungufu wa damu na mama mjamzito wasithubutu. Akikuuma ukichota maji, usimvute kwa nguvu. Mbandue polepole kwa ukucha, kisha osha kwa sabuni. Damu isipokoma, au kidonda kikivimba, usingoje. Twende dispensari.